Wiki Mbili Bila Maziwa

Mwezi wa Aprili, mvua ilipofurisha mitaro ya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, mtoto wa Kavinya aliharisha siku kumi mfululizo. Opicho alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, ndiyo kwanza ameanza kutembea bila kushika ukuta. Akapewa maji ya chumvi na sukari, akapewa na vidonge vya zinki, homa ikashuka, macho yaliyokuwa yamezama yakarudi mahali pake, na majirani wa ploti wakamshukuru Mungu. Lakini tumbo halikurudi. Mei ikapita, Juni ikaingia, na bado mtoto alikuwa akienda choo mara tano, mara sita kwa siku, choo chepesi chenye povu na harufu ya uchachu kama ya uji uliolala. Makalio yakawa mekundu hata hataki kukalishwa. Jioni tumbo lilijaa gesi likakaza kama ngoma, akalia akikunja magoti, na mama yake akawa anambeba huku na huku katika chumba ambacho kwa hatua tano umekimaliza.

Kavinya alikuwa mpika chapati. Kila siku, ikifika saa nne asubuhi, jiko lake lilikuwa limeshawaka nje ya geti, na saa saba wafanyakazi wa viwandani walipotoka kwa chakula cha mchana walimkuta na beseni la chapati zilizofunikwa kwa kitambaa na sufuria mbili za madondo, maharagwe ya mchuzi. Javan, mumewe, alimjulia pale pale jikoni. Alikuwa anaendesha mashine kwenye kiwanda kimoja cha ndoo za plastiki, na kwa miezi mitatu alikula chapo madondo kila siku ya Mungu mpaka wenzake wakaanza kumcheka, ndipo akasema kilichomleta. Yeye Mbukusu wa Bungoma, binti Mkamba wa Mwala. Wakaoana, wakapata mtoto, wakampa jina la marehemu baba yake Javan.

Jina hilo lilimfurahisha mno mama mkwe. Khalayi alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu, na siku aliposikia kwamba mumewe amerudi kwa jina, alikwenda zizini akamchagua mtamba mmoja, akasema mbele ya watu kwamba kuanzia leo huyu ni wa Opicho. Basi aliposikia kwamba mjukuu hanenepi, alifunga mzigo wake wa mboga ya mrenda mkavu na jogoo mmoja akaja Nairobi kusaidia kulea.

Alisaidia kweli. Alifua nepi bila kukunja uso. Alimbembeleza mtoto kwa nyimbo za kwao mpaka akanyamaza. Lakini kila asubuhi alishuka ngazi na chupa yake hadi kwenye mashine ya kuuzia maziwa iliyo kando ya duka la kona, akarudi, akachemsha, akampa Opicho kikombe kizima, na jioni kingine.

"Mama," Kavinya alimwambia siku moja, "mimi naona akishakunywa maziwa ndiyo tumbo linaanza kunguruma."

Khalayi alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu asiyejua anachosema. "Mama Opicho, mimi nimelea watoto saba kwa maziwa. Hakuna aliyeharisha. Lakini sikuwalea kwa ngano. Huyu anatafuna chapati tangu hajaota meno ya mbele. Unga huo unagandamana tumboni kama gundi."

"Ni kipande tu anakula."

"Asubuhi kipande, mchana kipande. Na mikono yako unayomshikia ina unga."

Maneno hayo yalimwingia Kavinya kama mwiba. Si kwa sababu yalikuwa makali. Khalayi hakuwa mtu wa makali. Yalimwingia kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa peke yake na donge la unga mkononi, alikuwa ameshajiuliza swali hilo. Kama ni ngano, itakuwaje? Unga ulikuwa hewani, kwenye leso, kwenye nywele zake. Kitu hicho ndicho alichokijua duniani. Mkono wake wa kwanza wa kumlisha mtoto chakula cha watu wazima ulikuwa na kipande cha chapati kilichochovywa kwenye mchuzi, na mtoto alikipokea akacheka. Je, alikuwa anamlisha sumu?

Kukawa na vita visivyo na kelele. Khalayi akiweka kikombe mezani, Kavinya anaguna. Kavinya akikata chapati, Khalayi anageuza uso. Javan alirudi kutoka kazini akawakuta kila mmoja upande wake wa chumba na mtoto katikati analia.

"Mimi sitaki kujua nani ana haki," alisema. "Nataka mtoto wangu alale bila kulia. Kesho nendeni kwa daktari."

Walimpeleka zahanati moja ya Kariobangi, kwa daktari mmoja aliyeitwa Muasya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpima Opicho: kilo nane na nusu, kilo zile zile za mwezi wa Machi. Choo kikapelekwa maabara, wakangoja kwenye benchi. Hakukuwa na minyoo wala amiba. Muasya akawauliza mtoto anakula nini, tangu asubuhi hadi jioni, bila kuacha kitu, na wanawake wale wawili wakajibu kwa pamoja, mmoja akisema maziwa, mwingine akisema chapati.

Daktari akatabasamu. "Naona kesi imeshafika kortini. Basi sikilizeni. Inawezekana ni maziwa, inawezekana ni ngano, inawezekana si yoyote kati ya hayo. Hatutajua kwa kubishana. Kwa wiki mbili, ondoeni maziwa. Yote, hata ya kwenye chai, hata siagi. Mpeni mayai, dagaa wa omena, maharagwe, avokado, uji wa wimbi. Lakini ngano msiguse. Aendelee kula chapati kama kawaida yake."

"Kwa nini tusiondoe vyote mara moja?" Khalayi aliuliza.

"Kwa sababu akipona, Mama, hamtajua kilichomponya. Utamnyima mtoto vyakula viwili maisha yake yote kwa kosa la kimoja. Tena ngano ikitaka kuchunguzwa, kuna kipimo cha damu, na kipimo hicho hudanganya mtoto akiwa ameshaacha kuila. Kitu kimoja kwa wakati mmoja." Akamgeukia Kavinya. "Tafuta daftari. Andika kila anachokula, kila anapokwenda choo, na choo kilikuwaje."

Asubuhi iliyofuata Khalayi hakushuka ngazi. Chupa aliiosha, akaifudikiza juu ya kabati, na mtoto alipoinyooshea mkono akilia, alimbeba mgongoni akatoka naye nje. Alipewa amri akaitii.

Kavinya ndiye hakutii.

Siku ya kwanza alimpa chapati kama alivyoagizwa. Siku ya pili alikata kipande, Opicho akakifungulia mdomo, na mkono wa Kavinya ukakwama njiani. Akamenya nduma, akampa nduma pale kando ya jiko, Khalayi akiwa juu anafua. Leo tu, alijiambia. Tumbo lake lilimsumbua sana jana. Jioni alipofungua daftari, aliandika: *chapati robo, saa tatu*. Siku ya tatu akampa kiazi kitamu, akaandika chapati. Siku ya nne hakujiambia kitu tena. Alijua anachofanya. Alitaka iwe ni maziwa, na kama haikuwa maziwa, alitaka isijulikane. Alikuwa akinawa mikono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kumshika mtoto, na Khalayi, aliyekuwa akiona kunawa huko, alidhani ni usafi.

Na mtoto akaanza kupona. Siku ya sita povu likapungua. Siku ya tisa alikwenda choo mara mbili tu, na kilikuwa choo cha kushikika. Jioni alikaa sakafuni akigonga vifuniko vya sufuria, tumbo limelainika, na Javan akakaa naye chini akigonga pia, mpaka jirani wa juu akapiga mguu sakafuni.

Siku ya kumi na nne walirudi Kariobangi. Kilo nane na gramu mia tisa. Muasya alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeandika vizuri, Mama. Na chapati alikula siku zote hizi?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi ni maziwa."

Kavinya alitarajia kwamba angefurahi. Walipofika nyumbani, Khalayi alivua kiatu, akakaa kwenye kigoda, akamvuta Opicho katikati ya magoti yake. Akamshika mikono yote miwili. Alisema kwa Kiswahili, labda ili mkwewe asikie, au labda kwa sababu mtoto alilelewa kwa lugha hiyo.

"Nisamehe, mume wangu. Kukhu wako, bibi yako huyu, amekunywesha kitu cha kukuumiza, asubuhi na jioni, na wewe unalia, na mimi nasema kunywa. Sikujua. Nisamehe."

Opicho alimshika pua. Khalayi akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akatoa simu yake. Alimpigia Job, kitinda mimba wake aliyebaki nyumbani. Kavinya alikuwa kando ya jiko akisikia kila neno. "Yule mtu aliyetaka kununua mtamba wa mtoto, mwambie aje Jumamosi amchukue. Hapana, si shida ya pesa. Ng'ombe wa maziwa atamfaa nini mtoto asiyekunywa maziwa? Nimempa zawadi ya kumcheka."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano Kavinya aliunguza chapati kumi. Wateja walimtania, mmoja akamuuliza kama siku hizi anauza makaa. Alicheka nao, lakini kifua kilimwuma mahali asipoweza kukanda. Alijaribu kujitetea: si mtoto amepona? Si ni kweli kwamba maziwa yalikuwa yakimsumbua, yeye mwenyewe aliona? Lakini hakujua kama ni kweli. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Alikuwa na dawa mbili mkononi na hakujua ipi ilifanya kazi, kama vile daktari alivyosema, na mwanamke mzima aliyefua nepi za mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya mtoto kwa kosa ambalo labda halikuwa lake.

Alhamisi mchana aliporudi kutoka jikoni, alimkuta Khalayi akichambua mrenda, mtoto amelala. Hakuvua hata leso iliyojaa unga. Alikaa sakafuni, mbele ya kigoda cha Khalayi, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Mama, kuna jambo nimefanya."

"Sema."

"Zile wiki mbili. Sikumpa Opicho chapati. Nilimpa siku ya kwanza, basi. Siku zote nyingine nilimpa nduma na viazi."

Vidole vya Khalayi viliendelea kuchambua jani moja, la pili, kisha vikasimama. "Na lile daftari alilosoma daktari?"

"Niliandika uongo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Niliogopa isije ikawa ni mimi."

Huko chini mtu alikuwa anagonga bati. Khalayi aliweka ungo kando, akasimama, akatoka nje kwenye korido, akashika chuma cha kizuizi akiwa amempa mlango mgongo. Kavinya alimsikia akiongea kwenye simu, sauti kavu. "Job. Mwambie yule mtu asije." Kisha akabaki huko huko mpaka Javan akarudi kutoka kazini.

Usiku ule Javan hakuelezwa kitu. Alitazama huku, akatazama kule, akala akalala. Asubuhi, Javan alipokwisha kwenda kazini, Khalayi alizungumza.

"Nataka nikwambie, kisha nisirudie tena. Nilimwomba mtoto msamaha. Wewe ulikuwa umesimama hapo kando ya jiko. Ulinisikia. Ungenifunga mdomo pale pale, kwa neno moja tu."

"Nilipaswa, Mama."

"Mimi nimekuja katika nyumba yako na maneno yangu juu ya unga wako, najua. Nilisema mikono yako ina unga. Neno lile lilinitoka, na nililiona likikuchoma, nikaliacha. Hilo langu nalibeba. Lakini hili lako lilinivua nguo." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya. Mvalishe mtoto. Tunakwenda kwa daktari, na utamwambia wewe mwenyewe."

Kavinya alimwambia Muasya kila kitu, akiangalia kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wazazi wananidanganya kila wiki," alisema. "Wanaorudi kusema kweli ni wachache. Basi hatujapoteza mtoto, tumepoteza siku tu. Tunaanza upya. Maziwa bado yakae nje. Rudisha ngano. Kila siku, kiasi chake kile cha zamani. Wiki nzima. Halafu tutajaribu maziwa, nusu kikombe."

Jumamosi hiyo, siku ambayo mnunuzi angemchukua mtamba huko Bungoma, Kavinya alisukuma chapati moja ndogo, ya mtoto peke yake, akaipika bila haraka mpaka ikafura. Alimpa Khalayi sahani aone. Kisha akakata kipande, na Opicho, ambaye alikuwa hajaionja chapati kwa siku kumi na saba, alikitia mdomoni chote kwa pamoja akanyoosha mkono kutaka kingine.

Kavinya hakuwahi kuishi wiki ndefu kama ile. Mtoto akiguna tu, anamgusa tumbo. Siku ya tatu, saa sita mchana, Opicho alianza kulia kilio cha zamani, na Triza, jirani aliyekuwa akiuza nguo kuukuu kando ya jiko la chapati, aliona Kavinya akiacha chapati kwenye kikaango na kupanda ngazi mbili mbili. Huko juu Kavinya alimkuta Khalayi amemlaza mtoto mapajani, kidole kimoja kiko ndani ya kinywa chake.

"Tulia," Khalayi alisema bila kuinua macho. "Ni gego linatoka. Tumbo lake ni laini, shika mwenyewe."

Kavinya alishika. Lilikuwa laini. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti, na Khalayi hakumkataza. Baadaye kidogo alisema tu, "Chapati zako zinaungua."

Siku saba zikaisha. Daftari safari hii waliandika wote wawili, Kavinya upande wa chakula na Khalayi, kwa herufi zake kubwa za darasa la nne, upande wa choo. *Nzuri*, aliandika. *Nzuri. Nzuri sana.*

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa zamu ya maziwa. Kavinya alitaka kuyachemsha yeye, lakini Khalayi alimwondolea sufuria mkononi.

"Wewe ulitoa chako kwa mkono wako. Niache nitoe changu."

Alimpa nusu kikombe, vuguvugu. Opicho alikunywa kwa pupa, akabakia na masharubu meupe. Wakakaa: Javan kitandani, mama na bibi kila mmoja kwenye kigoda chake. Ilipita saa moja wakaanza kuamini. Nusu saa baadaye tumbo likanguruma, wakalisikia wote. Kisha likajaa. Kisha mtoto akakunja magoti. Kufikia jua kuchwa alikuwa amebadilishwa nepi mara tatu, na lile povu lilikuwa limerudi, na ule uchachu.

Khalayi ndiye aliyembeba wakati wote huo, akitembea hatua tano kwenda na tano kurudi. "Basi ni langu," alisema.

Kavinya alikuwa ameota ushindi huo kwa mwezi mzima. Ulipokuja, aliutazama akauona mdogo, haumtoshi kitu. Alisimama, akamfunga mama mkwe kanga vizuri ili mtoto akae sawa mgongoni.

"Si lako, Mama. Ulimpa kitu ambacho mtoto yeyote hupewa."

Muasya alisema hivyo hivyo siku ya pili yake, kwa maneno ya kidaktari zaidi. Kule kuharisha kwa Aprili, alieleza, kulikwangua tumbo ndani, kukang'oa kile kinachosaga sukari ya maziwa. Kwa watoto wengi hurudi chenyewe, kwa wengine baada ya wiki, kwa wengine miezi. Wasimlazimishe. Wampe omena na mboga za majani kwa ajili ya mifupa. Mwezi wa Agosti wajaribu maziwa lala, kijiko kimoja, kwa sababu uchachu huwa umeshakula sehemu ya ile sukari.

"Lala?" Khalayi aliuliza, akinyooka kwenye kiti. "Ya kwenye kibuyu?"

"Mradi kibuyu ni safi, Mama."

Mwezi wa Agosti walijaribu. Kijiko kimoja hakikufanya kitu. Vitatu havikufanya kitu. Maziwa freshi, nusu kikombe kile kile, bado yalimsumbua, kwa hiyo waliyaacha. Lakini kilo zilikuwa tisa na nusu, na mashavu yalikuwa yamerudi, na Opicho sasa alikuwa anakimbia korido yote hadi mwisho akigonga milango ya watu.

Wiki ya mwisho kabla ya kurudi Bungoma, Khalayi alishuka chini na kigoda chake, akakiweka kando ya jiko la Kavinya.

"Nifundishe," alisema. "Nimekula za kwako miezi mitatu. Watoto wa Job watataka."

Kavinya alimpa donge na kibao. Mkwe alisukuma kwa nguvu kama anayesaga wimbi juu ya jiwe, na chapati ikatoka na pembe nne na mkia. Akaitupa kwenye kikaango hivyo hivyo. Saa saba ilipofika, kijana mmoja wa kiwandani aliipokea kwenye sahani yake, akaigeuza, akaiinua juu kwenye mwanga.

"Mathe, hii ni chapo ama ni ramani?"

"Ni ramani ya Bungoma," Khalayi alimjibu, akichukua donge lingine. "Kula, utafika."

Kavinya alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na foleni nzima ikacheka naye, na nyuma yao Opicho, aliyekaa juu ya gunia na kipande chake mkononi, akacheka pia bila kujua kinachochekwa.